Pancha ya Mara ya Tatu

Mpanda baisikeli huchukuliwa na upepo. Chuma, mnyororo na pedali zina kazi yake kila kimoja, lakini uzito wote wa mtu na mzigo wake hukaa juu ya upepo uliofungwa ndani ya mpira mwembamba, wala upepo ule haukubali kukaa pale ila kwa kulazimishwa. Ukipata tundu dogo kama ncha ya sindano, hutoka kidogo kidogo au hutoka kwa kishindo, na baisikeli iliyokuwa ikimbeba mtu sasa mtu huikokota.

Kupata pancha mara moja ni jambo la njiani, na humpata kila asafiriye. Lakini kupata pancha mara mbili au tatu katika juma moja, tena katika gurudumu lile lile, ni jambo jingine kabisa. Pancha za namna hiyo zina asili yake, na asili ile haizibwi kwa kiraka.

Magurudumu hayakuwa na upepo tangu mwanzo. Baisikeli za zamani zilikuwa na magurudumu ya mti yaliyozungushiwa ukanda wa chuma, na jinsi zilivyomtetemesha mpandaji, Waingereza walizipa jina la kitikisa mifupa. Baadaye watu waliondoa chuma wakavika gurudumu mpira mgumu usio na uwazi ndani. Mpira ule haukujua pancha, maana haukuwa na upepo wa kutoka. Lakini juu ya barabara ya mawe ulikuwa mgumu karibu sawa na chuma chenyewe.

Katika mji wa Belfast, nchini Ireland, alikaa daktari wa wanyama aitwaye John Boyd Dunlop, mzaliwa wa Skoti. Mwanawe alikuwa na baisikeli ya magurudumu matatu, na barabara za mji ule zilikuwa mbaya. Mwaka 1887 Dunlop alitwaa gurudumu la mti, akalizungushia mpira mwembamba wenye upepo ndani yake, kisha akalivingirisha uani pamoja na gurudumu la ile baisikeli ya mtoto. Gurudumu la kawaida lilikwenda mwendo mfupi likaanguka. La upepo liliendelea mpaka mwisho wa ua, likagonga mwimo wa lango, likarudi. Mwaka uliofuata, 1888, alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake, ijapokuwa baadaye hati ile ilitanguliwa, kwa sababu Mskoti mwenziwe, Robert William Thomson, alikuwa amekwisha kuandikisha jambo lile lile mwaka 1845, likasahauliwa. Mwaka 1889 Willie Hume alishinda mashindano huko Belfast juu ya mipira ya upepo, na tangu hapo mpira mgumu ukaanza kuachwa.

Pamoja na wepesi ule ikaja pancha.

Mwaka 1889, katika mji wa Clermont-Ferrand nchini Ufaransa, mpanda baisikeli mmoja alifika kwenye kiwanda cha mpira cha ndugu wawili, André na Édouard Michelin. Tairi yake ya Dunlop ilikuwa imepata pancha. Siku zile mpira wa upepo ulibandikwa juu ya gurudumu kwa gundi, na mtu hakuweza kuufungua kama afunguavyo mkoba. Kazi ya kuubandua na kuuziba ilichukua zaidi ya saa tatu, kisha ilibidi kuuacha ukauke usiku kucha. Asubuhi yake Édouard Michelin akaipanda baisikeli ile uani mwa kiwanda ili kuijaribu. Alikwenda mita mia chache tu, tairi ikaisha upepo tena.

Wengi wangalisema kwamba mpira wa upepo haufai kitu. Michelin aliona kwamba mpira wafaa sana, ila namna ya kuufunga ndiyo isiyofaa. Akafanya tairi ambayo mtu aweza kuitoa katika gurudumu na kuirudisha bila kungoja gundi ikauke. Mwaka 1891 tairi hiyo ilitiwa katika mashindano makubwa ya kutoka Paris mpaka Brest, mji ulio pwani ya magharibi ya Ufaransa, na kurudi Paris, mwendo wa kilometa 1200 hivi. Waliotoka walikuwa zaidi ya watu mia mbili. Charles Terront alipanda juu ya tairi za Michelin, na mshindani wake mkubwa, Jiel-Laval, alipanda juu ya tairi za Dunlop. Wote wawili walipata pancha, na wote walipoteza wakati kwa kuzishughulikia. Lakini usiku wa tatu Jiel-Laval alipolala, Terront alimpita, akafika Paris wa kwanza kwa saa 71 na dakika 22. Mwaka 1892 ndugu wale walifanya mashindano mengine, ya kutoka Paris mpaka Clermont-Ferrand, na yasimuliwa ya kuwa misumari ilimwagwa njiani kwa makusudi, ili watu waone jinsi pancha zinavyoweza kuzibwa upesi. Ni shaka kama wapandaji waliifurahia hekima ile.

Tairi za leo hufunguliwa kwa dakika chache. Urahisi huo ni neema, nao umeleta uvivu wa namna yake: kwa kuwa kuziba ni kazi nyepesi, mtu huziba tundu bila kuuliza limetokana na nini.

Tuseme mwanafunzi mmoja akaa kilometa kumi na moja kutoka shuleni, naye huenda kwa baisikeli ya baba yake, kwa barabara ya lami yenye vichaka vya migunga kando yake. Jumamosi gurudumu la nyuma laisha upepo. Aufungua mpira, aona tundu, aliziba vizuri, ajaza upepo, aendelea. Jumatatu laisha upepo tena, aliziba tena. Jumanne alasiri, akirudi nyumbani, asikia rimu yagonga lami chini yake kwa mara ya tatu. Alhamisi ndiyo siku ya mtihani wa mwisho, wala mtihani haumngoji mtu. Basi aikokota baisikeli mpaka kwa mzee mmoja, fundi afanyaye kazi chini ya mwembe kando ya barabara.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Leo baisikeli imekupanda wewe.”

“Imepata pancha tena, mzee. Nakuomba unizibie upesi, keshokutwa nina mtihani.”

Fundi aligeuza baisikeli miguu juu, akatoa gurudumu, akavuta mpira wa ndani, akavitazama vile viraka viwili. “Nani aliyeviweka hivi?”

“Ni mimi mwenyewe, mzee.”

“Umevibandika vema. Na kilichotoboa ulikitafuta?”

“Nilipitisha mkono ndani ya tairi, nisione kitu.”

Mzee hakushika gundi. Kwanza alijaza mpira upepo, akauzamisha sehemu kwa sehemu katika karai la maji, mpaka mapovu yakapanda katika mstari mmoja mwembamba. Alikausha mahali pale akapatia alama ya chaki. Kisha alipima kwa shubiri toka kwenye valvu, yaani pale panapotiwa upepo, hata kwenye tundu: shubiri mbili na vidole vitatu. Akapima mpaka kiraka cha Jumatatu: shubiri mbili na vidole vinne. Akapima mpaka kiraka cha Jumamosi: shubiri mbili na vidole vitatu.

“Miiba mitatu ya njiani,” akasema, “haiwezi kupatana itoboe mahali pamoja. Huu ni mwiba mmoja, nawe umekuwa ukiubeba kwenda nao shule.”

Aliulaza mpira juu ya tairi, valvu mahali pa valvu, akapima shubiri zile zile upande wa kuume. Pale hapakuwa na kitu. Akapima upande wa kushoto, maana mwanafunzi hakukumbuka mpira ulitoka umeelekea wapi, na mpira uliogeuzwa huonyesha upande usio wake. Akaishika tairi mahali pale, akaikunja nje ndani kama mtu apinduaye mfuko wa kanzu, akaikaza kwa vidole gumba. Ndipo ikachomoza ncha nyeusi, fupi kuliko punje ya mtama. Ilikuwa ncha ya mwiba wa mgunga uliokatika ndani ya unene wa tairi. Tairi ilipokuwa imelegea, ncha ilijificha, na mkono ulipita juu yake bila kuisikia. Mtu alipokaa kitini na uzito ukaikandamiza tairi juu ya lami, ncha ilitokeza ikachoma. Mzee akaisukuma toka nje kwa sindano, akaivuta toka ndani kwa koleo.

Njia ile ya mzee hufaa kwa pancha karibu zote. Mwenye kuziba pancha yampasa kuacha valvu iwe kipimo chake, na akiirudisha tairi yafaa aiweke daima ili maandishi yaliyo ubavuni yakae mbele ya valvu. Basi siku ya pancha, tundu lililo katika mpira litamwonyesha moja kwa moja mahali pa kutazama katika tairi. Mkono upitishwe ndani ya tairi polepole, maana kipande cha chupa hukata kidole kama kikatavyo mpira. Wengine hutumia kitambaa cha pamba, nacho hunasa katika kila kitu chenye ncha. Nyuzi nyembamba za chuma, zilizotoka katika tairi za magari zilizopasuka barabarani, ndizo ngumu kuliko vyote kuziona, na mara nyingi hupatikana kwa kukunja tairi tu.

Lakini si kila tundu latoka nje. Namna ya tundu hueleza habari zake. Yakionekana matundu mawili yaliyokaa sambamba, kama alama za meno ya nyoka, hakuna mwiba wa kutafuta. Mpira ulibanwa kati ya rimu na ukingo wa jiwe au shimo, kwa sababu upepo ulikuwa haba. Dawa yake ni pampu. Tairi nyingi zimeandikwa ubavuni kiasi cha upepo zinachotaka, kwa ratili, yaani paundi, katika kila inchi ya mraba: tairi pana ya baisikeli ya kazi hutaka 50 hivi, na tairi nyembamba ya mashindano huweza kutaka 80 au zaidi. Mpandaji mzito, au mwenye gunia la mahindi nyuma yake, hutaka upepo zaidi kuliko mtoto, asipite kiasi kilichoandikwa.

Tundu likiwa upande wa ndani wa mpira, ule unaoelekea rimu, mwiba wa barabarani hauna hatia. Ndani ya rimu mna vichwa vya spoki, na juu yake hukaa utepe wa mpira au wa nguo wa kuvifunika. Utepe ukisogea au ukichakaa, kichwa cha spoki huukwaruza mpira kila gurudumu lizungukapo. Mtu aweza kubadili mpira mara tano akapata pancha mara tano, mpaka auweke utepe mahali pake au akate spoki iliyozidi urefu kwa tupa.

Likiwa kwenye mzizi wa valvu, yamkini mpira umekuwa ukiteleza ndani ya tairi kwa sababu ya upepo kidogo, au pampu imekuwa ikivutwa kwa ukali. Tundu la hapo ni gumu kuzibika, na aghalabu ni heri kununua mpira mpya. Na tundu lililoonekana mara tu baada ya kuziba, lenye umbo la mkato mfupi, mara nyingi ni kazi ya mzibaji mwenyewe, aliyerudisha tairi kwa chuma akaubana mpira chini yake. Ukingo wa mwisho wa tairi urudishwe kwa vidole gumba ikiwezekana, na mpira utiwe upepo kidogo kwanza ili usijikunje.

Iko na pancha isiyo pancha. Gurudumu huwa gumu jioni, na asubuhi limelegea, wala maji hayaonyeshi povu popote katika mpira. Basi na ijaribiwe valvu yenyewe: tone la mate mdomoni mwake, nalo likivimba, upepo watoka pale. Katika valvu za baisikeli nyingi za kazi mna kimpira kidogo kama utumbo, nacho hukauka na kupasuka kwa jua. Bei yake ni ndogo kuliko ya kiraka. Tena hata mpira mzima hupoteza upepo kidogo kidogo siku nyingi zikipita, kwa hiyo baisikeli iliyolala mwezi mzima ikilegea isihukumiwe upesi.

Kiraka nacho kina desturi yake. Mpira lazima ukauke kabisa, kisha usuguliwe kwa msasa kuzunguka tundu, mahali papana kupita kiraka, mpaka weusi wake ung'aao uishe. Gundi ipakwe nyembamba, kisha iachwe. Hapa ndipo haraka inapoharibu kazi: wengi hubandika kiraka gundi ikiwa bado mbichi, nacho hung'oka kesho yake, wakadhani wamepata pancha mpya. Gundi ingojwe mpaka isiwe na umajimaji wala isishike kidole, ndipo kiraka kikandamizwe kwa nguvu tangu katikati mpaka pembeni.

Mwiba wenyewe waweza kuzuiwa kwa kiasi fulani. Kando ya barabara nyingi huota mbigili, mmea utambaao chini wenye maua madogo ya manjano. Tunda lake likikauka hugawanyika vipande vitano, na kila kipande kina miiba iliyoelekea huku na huku, hata kikianguka vyovyote mwiba mmoja hutazama juu. Mmea huo umefika mpaka Marekani, na wapanda baisikeli wa huko wanaulalamikia kama wa Afrika. Kwa hiyo ukingo wa barabara, ambako magari hufagilia chupa na miiba, ni mahali pa kupita kwa uangalifu, hasa wakati wa mvua. Maana maji huleta takataka barabarani, tena mpira uliolowa hukatwa kwa wepesi kuliko mkavu. Gurudumu la nyuma hupata pancha zaidi kuliko la mbele, kwa kuwa huchukua uzito mwingi, na kitu kilicholala huinuliwa na gurudumu la mbele kikamkuta wa nyuma kimesimama. Mwiba mwingi hautoboi mpira mara moja. Hushika katika tairi, ukaingia kidogo kidogo kwa kila mzunguko. Mpandaji atazamaye tairi zake kila jioni huweza kuung'oa kabla haujafika ndani. Na tairi iliyoisha, iliyokuwa nyembamba hata nyuzi zake zaonekana, haina ulinzi wowote, wala viraka ishirini katika mpira havitaipa unene.

Wapandaji wa mashindano walijifunza mambo haya kwa jasho. Katika miaka ya mwanzo ya mashindano ya kuzunguka Ufaransa, yaliyoanza mwaka 1903, kila mpandaji alipaswa kutengeneza baisikeli yake mwenyewe bila kusaidiwa na mtu, nao walikwenda na tairi za akiba wamezivaa mabegani kama mishipi. Mwaka 1904 walikuwako watu waovu waliomwaga misumari njiani. Siku hizi gari hufuata nyuma likichukua magurudumu mazima, na wengi wao hupanda tairi zisizo na mpira wa ndani, zilizotiwa maji mazito yanayokimbilia tundu na kuliziba yenyewe. Lakini mwanafunzi wa barabara ya migunga hana gari la kumfuata.

Mzee alisugua mpira kwa msasa, akapaka gundi, akauweka juu ya jiwe. Mwanafunzi akanyosha mkono kukichukua kiraka. “Bado,” mzee akasema, akaendelea kuitazama tairi pande zote, akang'oa kipande cha chupa ambacho hakijafika ndani bado. Ndipo akabandika, akarudisha tairi kwa vidole gumba, maandishi mbele ya valvu, akajaza upepo.

“Kesho jioni ibonyeze,” akamwambia, “na Alhamisi alfajiri ibonyeze tena kabla hujavaa viatu. Ikiwa imelegea, utakuwa na nafasi ya kuondoka mapema kwa miguu.”

Jumatano jioni mwanafunzi aliibonyeza tairi kwa kidole gumba, nayo ilikuwa ngumu. Alhamisi, kabla ya jua kuchomoza, aliibonyeza tena mbele ya mlango, taa mkononi. Akaizima taa, akapanda.